Siku Paka Atakapokufa

Simpendi yule paka, na sitaki mtu asome haya halafu aje kunipa pole kana kwamba nilikuwa mama yake. Alikuwa paka wa mume wangu. Mimi aliniuma siku ile ile alipoletwa nyumbani ndani ya kikapu cha mkate, na tangu hapo sikumbuki mwezi hata mmoja uliopita bila damu mikononi. Mimi ni fundi wa kushona, mikono ndiyo kazi yangu, na hapa kwetu komini ya Kenya, mtaa wa mji wa Lubumbashi na si ile nchi, wateja walikuwa wakitazama mikwaruzo yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ananipiga. Nilikuwa nawajibu kwamba mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono, anaye paka wa kumfanyia kazi hiyo.

Mume wangu alikufa kwa moyo, mchana kweupe, akiwa ameinama kufunga viatu. Watoto hatukujaliwa. Hati za lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, zilikuwa bado kwa jina la baba yake aliyekwisha kufa zamani, kwa hiyo baada ya kilio ukoo ulikuja kutoka Kambove na kukaa sebuleni kwangu kama watu waliokuja kuchukua chao. Na kweli walichukua. Mmoja suti, mmoja televisheni, mmoja baiskeli, mwingine akaondoka na viatu vile vile ambavyo marehemu alikuwa hajamaliza kuvifunga.

Mimi nilizaliwa mji huu huu, lakini wazazi wangu walitoka Kasai, na kwa wakwe zangu jambo hilo halikufutika hata baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa. Kila tukigombana naambiwa nirudi kwetu Kasai. Kasai sijawahi kukanyaga. Sijui hata treni ya kwenda huko inaondoka siku gani. Najua pia kuna sheria ya nchi inayomlinda mjane, msinifundishe, lakini sheria inakaa ofisini mjini na ukoo unalala ndani ya lupango.

Aliyekuwa akigawa ni baba mkubwa wa mume wangu, mzee mwenye kofia ya pama ambaye hajawahi kuivua mbele ya mwanamke. Alipomaliza vitu vyote aliuliza, "Na hii paka?" Hakuna aliyetaka. Basi akanigeukia mimi niliyekaa chini kwenye mkeka, akasema, "Weye unatafuta kubakia mu hii lupango? Muzuri. Utabakia na paka ya bwana yako. Siku paka itakufa, na weye utafunga bintu."

Yaani nifunge vitu vyangu niondoke. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu mjane asiyecheka mbele ya ukoo anaambiwa ana kiburi. Lakini mzee yule alirudi baada ya miezi mitatu, na kabla ya kusalimu aliuliza, "Paka iko wapi?" Nikamwonyesha. Akamtazama kwa muda, akanywa maji, akapanda gari la kurudi Kambove. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzaha umegeuka sheria, na kwamba kichwa changu kina paa juu yake kwa sababu ya mnyama anayenichukia.

Kitu kimoja cha thamani hakikuondoka na wale watu: frigo, yaani jokofu. Frigo ilibaki kwa sababu wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alitangaza kwamba atabaki kulinda nyumba ya ndugu yake mpaka siku arobaini zipite. Siku arobaini zilipita. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe angenipiga nalo mimi. Alichukua sebule yote ikawa chumba chake, akaisukuma frigo mpaka kando ya kitanda chake, akaning'iniza rozari ukutani juu ya kitanda. Mimi nikabaki na chumba cha nyuma na cherehani yangu.

Tuligombana juu ya blanketi la marehemu wiki ya saba, na tangu siku hiyo hatukusemeshana tena. Mwaka na zaidi, chini ya paa moja, choo kimoja, bomba moja. Lakini wanawake wawili hawawezi kuishi lupango moja bila kupashana habari, kwa hiyo tulimtumia paka. Wifi alisimama uani, akamwangalia paka machoni, akasema kwa sauti ya kufika chumbani kwangu, "Paka, ambia ule mama maji yake iko nachemuka." Nami nilijibu nikiwa naingiza uzi kwenye sindano, "Paka, ambia ule mama nimeona, macho ninayo." Tuligawana zamu za kufagia kwa njia hiyo. Tulitukanana kwa njia hiyo pia, na paka alikaa katikati akijiramba, hajali.

Sasa, ugonjwa. Ulianza na maji. Paka huyo, ambaye maji alikuwa akiyapita tu, alianza kuingiza kichwa chote ndani ya ndoo yangu na kunywa mpaka nikamsukuma. Alikojoa kila pembe. Alikula samaki wangu wote wa ndakala na bado alikonda, uti wa mgongo ukaonekana, na miguu ya nyuma ikaanza kukanyaga kwa visigino, chapa chapa, kama mzee aliyevaa kandambili. Mimi sikuwaza ugonjwa. Niliwaza sumu. Nilimwaza mwanamke mmoja tu, aliyelala sebuleni chini ya rozari.

Nilimfunga paka ndani ya gunia la unga, kichwa nje, nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Kijana mwembamba, mikono yake nayo imejaa makovu, nikampenda kwa sababu hiyo. Alimchoma paka sikioni, akagusisha tone la damu kwenye kile kimashine kidogo wanachotumia wagonjwa wa sukari, akanionyesha. Mia nne na kitu. Akasema ni sukari. Nikamwambia paka huyu hajawahi kula hata pipi. Akasema, "Mama, hii sukari haitoke ku maduka."

Dawa yake, akasema, ni sindano kila siku; nikamuuliza bila sindano ataishi muda gani. Akasema majuma kadhaa, labda miezi michache. Nikakaa pale kwenye benchi na gunia mapajani. Niliona kabisa vitu vyangu vimefungwa ndani ya kitenge na cherehani iko juu ya mkokoteni, na baba mkubwa amesimama mlangoni na kofia yake. "Nifundishe kupiga hiyo shindano," nikamwambia.

Alinifundisha. Insulini ni ile ile ya watu, inatoka famasi, ila kwa paka ni tone tu, uniti mbili asubuhi na mbili jioni, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili. Chupa huitikisi, unaiviringisha taratibu kati ya viganja. Unamlisha kwanza. Akila, ndipo unavuta ngozi ya shingo juu kidogo, unaingiza sindano chini ya ngozi hiyo, unasukuma, unatoa. Asipokula, humpigi, unampima kwanza. Hilo alilirudia mara tatu na kidole juu. "Mama, sukari ikipanda anakufa polepole. Ikishuka anakufa leo." Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

Na chupa inataka baridi. Na baridi iko kando ya kitanda cha wifi yangu.

Kwa hiyo kila siku, mara mbili, miezi minane, nilibisha mlango wa sebule yangu mwenyewe, nikaingia bila salamu, nikafungua frigo ya mume wangu mbele ya macho ya mwanamke aliyekaa kitandani na kunitazama tangu mkono unapogusa mlango mpaka unapoufunga. Nilimpigia paka sindano palepale kwenye kizingiti, makusudi, ili aone siogopi. Paka aliniuma. Nilimtukana paka. Wifi alisema, akitazama ukutani, "Paka, pole, unashikwa na bantu ba mikono nguvu." Nikajibu, "Paka, ambia ule mama kama mikono yake ni laini alete." Jirani mmoja wa kanisa la wifi aliwahi kuchungulia akasema, "Bantu banakosa dawa na weye unapiga paka shindano." Nikamwambia anitafutie mtu mmoja ambaye akifa mimi nafukuzwa, nimpige huyo. Hakurudi.

Umeme ulipokatika siku tatu mfululizo, nilienda kutafuta chupa na haikuwepo. Damu ilinipanda kichwani. Kabla sijafungua mdomo, wifi alimwambia paka, "Dawa yako iko mu mutungi. Frigo imekuwa jiko." Kweli, alikuwa ameitia ndani ya kopo, akaiteremsha ndani ya mtungi wa udongo wenye maji baridi, akafunika na kitambaa kibichi. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilikasirika kwamba ameigusa. Nilimwambia paka amwambie yule mama vitu vya watu haviguswi, nikaichukua nikaipeleka chumbani kwangu, na baada ya saa moja niliirudisha kwenye mtungi wake kwa sababu chumba changu kilikuwa na joto kuliko uani.

Halafu kukawa na kilio Kipushi, mji wa mpakani. Shoga yangu wa utotoni alifiwa na mama, na kwetu huendi kilio cha mama wa mtu ukapiga hodi na kurudi, unalala kwenye mkeka na wenzako. Nilimpiga paka sindano yake ya jioni, nikatafuta gari nikaenda. Sikumuaga wifi. Sikumwambia paka amwambie chochote. Nilipanga kurudi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, lakini gari la kwanza lilijaa wafanyabiashara wa mpakani na mizigo yao, la pili likakaa njiani na gurudumu. Nilifika nyumbani saa mbili kasoro, macho mekundu, miguu imevimba, nimejaa hasira na barabara, na dereva, na mauti.

Wifi hakuwepo, alikuwa kwenye foleni ya maji. Sebule ilikuwa wazi. Nikaweka ndakala kwenye kisahani. Paka alikuja, akanusa, akanitazama, akageuka akaenda kulala.

Nilijua kanuni. Narudia, nilijua kanuni, nisije nikamsingizia mtu. Asipokula humpigi, unampima. Lakini karatasi za kupimia zilibaki tatu tu, na mimi nilikuwa nimechoka, na kwa jinsi tulivyokuwa tunachukiana niliona wazi kwamba ananisusia. Nilisema, "Unanifanyia kiburi, weye? Leo?" Nikavuta ngozi nikamchoma uniti mbili. Kwa mara ya kwanza hakuniuma. Hilo pia lingenishtua kama ningekuwa na akili, lakini nilidhani nimemshinda.

Nilikaa kwenye cherehani. Nilikuwa nashona mkono wa pili wa blauzi ya bibi harusi niliposikia kitu kinagonga ukuta, ta, ta, ta. Alikuwa paka. Alikuwa anajaribu kutembea na kichwa kinamvuta upande mmoja, anagonga ukuta, anaanguka, anainuka. Mate yalikuwa yanamtoka. Nikamshika, mwili umelegea kama kitambaa kilicholowa, halafu ghafla ukakaza wote, miguu ikaanza kupiga hewa. Nilimchoma sikio. Kimashine hakikunipa hata namba. Kilinipa herufi mbili tu, za kusema sukari iko chini ya pale kinapoweza kuhesabu.

Nilikuwa nimepiga magoti na paka juu ya blauzi ya bibi harusi wa watu wifi alipoingia na bidoni, dumu la maji, kichwani. Alisimama. Akashusha bidoni. Na akanisemesha mimi, si paka.

"Umemufanya nini?"

"Nimempiga sindano yake."

Uso wake ulibadilika. "Nilishamupiga," akasema. "Asubui. Saa yake ilipita, weye hauko. Nilimupa kula, akakula yote, nikamupiga."

Nilipiga kelele, "Sukari!" naye alikuwa tayari anakimbia. Alirudi na asali, chupa ya asali ambayo nilikuwa sijui anayo, ameificha miezi yote hiyo. Alikaa chini, akafungua taya la paka kwa vidole viwili, nami nikapaka asali kwenye ufizi, kidogo, pembeni, bila kumwaga kooni, kama yule daktari alivyoniambia kwenye simu nikiwa nimeibana kati ya sikio na bega. Meno yalifunga juu ya kidole cha wifi. Alikaza macho, hakuvuta mkono. Tulipaka, tukasubiri, tukapaka tena. Jua lilisogea kutoka kizingiti mpaka kwenye mguu wa cherehani.

Ni hapo katikati ya kusubiri ndipo nilipolitoa lililokuwa moyoni. Nilimwambia, "Ulitaka kumuua. Ulitaka nitoke."

Alinitazama kama mtu anayetazama mjinga. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu na asali.

"Kama nilikuwa nataka kumuua, juu ya nini nilimupatia kula mbele? Ningemuacha tu." Akafuta kidole kwenye kitenge. "Paka ikikufa, weye unatoka. Weye ukitoka, banauzisha lupango. Baba mukubwa alisha kupata wa kununua. Miye nitaenda wapi? Bwana yangu alinirudisha. Bibi ya ndugu yangu mwingine kule Kambove ata chumvi ananipimia. Miye nalinda nini hapa, unafikiri? Nalinda frigo?"

Mwaka mzima na ushei nilikuwa nimejenga chuki yangu matofali kwa matofali juu ya kitu kimoja, kwamba mwanamke huyu anasubiri paka afe. Na yeye usiku na mchana alikuwa akihesabu saa za sindano kama mimi. Kila alipokuwa ananitazama mlangoni mwa frigo alikuwa anaangalia kama ninavuta dawa sawa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa Kambove amevaa kofia. Niliona aibu. Nilimwonea hasira pia, kwa nini hakusema, lakini na mimi nilikuwa nimeenda Kipushi kimya kama mwizi.

Karatasi ya pili ilitoa namba, ndogo. Ya tatu ikatoa namba kubwa kidogo. Alasiri paka aliinua kichwa, akatutazama sote wawili tuliokaa mmoja huku na mmoja kule, akaniuma mimi. Wifi alicheka. Blauzi ya bibi harusi ilibidi niishone upya.

Msidhani tulipatana. Watu wanapenda hadithi ziishe kwa kukumbatiana, mimi sina hadithi hiyo. Asubuhi iliyofuata wifi alisimama uani akasema, "Paka, ambia ule mama asubui ni yangu, jioni ni yake. Na kila mutu aandike." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tulichukua kaa la makala, yaani mkaa, kutoka kwenye mbabula, jiko la uani, tukaliweka juu ya frigo, na kila aliyepiga sindano alichora mstari mmoja kwenye ubavu mweupe. Yeye mistari yake ni mirefu, ya mtu wa kujionyesha. Yangu mifupi. Frigo ilijaa mistari mpaka chini, tukaifuta na sabuni, tukaanza upya. Tuligombana juu ya sufuria, tukagombana juu ya sabuni, na tena juu ya redio yake ya maombi. Sindano hatukuikosa hata moja.

Mvua za kwanza zilipoanza, paka aliacha kula kabisa. Daktari alisema ni figo na umri, si sukari, si kosa letu, na akakataa kunidanganya kwamba kuna kitu cha kufanya. Jumapili moja mlango wa chumba changu uligongwa. Wifi hakuwahi kuugonga. Alikuwa amevaa nguo za kanisani na amebeba kitu ndani ya blanketi, lile lile blanketi la marehemu tulilogombania. Hakusema neno. Alifungua pembe moja, nikaona, akafunika.

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti nikajiziba mdomo kwa kitenge, na mpaka leo sijui nilimlilia nani, paka, au mume wangu, au nyumba. Wifi alinipa jembe. Tulimzika nyuma ya bafu, chini ya mpapai, wakati majirani wote wako kanisani, na blanketi lake. Alisawazisha udongo kwa mguu, akabeba mbabula ya zamani akaiweka juu na majivu yake, pakawa mahali pa mbabula tu. Halafu akavaa viatu akaenda misa ya pili.

Usiku ule nilifunga vitu vyangu. Havikuwa vingi. Cherehani niliivika gunia. Nilingoja asubuhi ili nikamwambie wifi ampigie simu baba mkubwa, kwa sababu mimi singempigia.

Saa kumi na mbili niliingia sebuleni. Wifi alikuwa kitandani, ananitazama kama siku zote. Kwenye ubavu wa frigo kulikuwa na mstari mrefu wa makala, mpya, chini ya ule wa mwisho. Kisahani kilikuwa mlangoni na ndakala ndani. Nilisimama pale. Yeye akageukia ukuta akajifunika.

Nilirudi chumbani nikaifungua cherehani.

Baba mkubwa alikuja baada ya wiki tatu, na safari hii alikuja na mwanamume mwingine mwenye futi ya kupimia. "Paka iko wapi?" akauliza. Niligeuka kumtazama wifi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani, hakuinua hata macho.

"Eko natembea," akasema. "Amekula asubui, amepigwa shindano yake. Paka ya mutaa, baba, huwezi kuifunga kamba."

Mzee aliingia sebuleni. Alifungua frigo, akaona chupa ya insulini, akaona kopo la sindano. Akatazama mistari, mirefu na mifupi, imepangwa moja moja mpaka ya asubuhi ile ile. Aligusa wa mwisho kwa kidole, kidole kikawa cheusi. Alitutazama, wifi na mimi, wanawake wawili ambao ukoo mzima unajua hatuwezi kukubaliana hata juu ya chumvi. Akaomba maji. Akanywa, akaondoka na mtu wake wa futi.

Tulimsikiliza mpaka gari likawashwa. Wifi alirudi kwenye sombe yake, akakaa, akaelekeza uso kwenye kisahani cha samaki pale kizingitini, ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa nzi.

"Paka," akasema, "ambia ule mama jioni ni zamu yake."

"Paka," nikajibu kutoka kwenye cherehani, "mwambie nimesikia."

Jioni, saa kumi na mbili, nilichukua kaa juu ya frigo nikachora mstari wangu.